Somo la 6: Kikombe Kwenye Mizani

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mithali 11:1; Mithali 18:17; Mithali 25:16; Isaya 55:1, 2; Danieli 1:8–16; Luka 11:11–13; Yohana 6:9; Warumi 14:1–4.

Fungu la kukariri: 1 Wakorintho 10:31. Likaririwe kutoka katika Biblia yako, na darasa lilisome kwa pamoja kabla ya mjadala.

Katika nyumba nyingi za Waadventista hapa Afrika Mashariki, majani ya chai na kahawa viliondolewa jikoni zamani. Lakini asubuhi bado ina baridi, mkate bado unahitaji kitu cha kuusindikiza, na mgeni bado anastahili kupewa kikombe. Nafasi iliyoachwa wazi na chai mara nyingi imejazwa na kopo la unga wa kakao na kimea: Milo, Ovaltine na vingine vya jamii hiyo. Wazazi humpa mtoto aendaye shule, mgonjwa aliyetoka hospitali na mama aliyejifungua, wakiamini kwamba wanampa chakula chenye nguvu.

Kopo hilo limepokelewa bila maswali mengi. Halina majani ya chai, lina orodha ndefu ya vitamini, nalo hunukia vizuri. Somo hili halikusudii kuliongeza katika orodha ya vitu vilivyokatazwa. Linamwomba mwanafunzi alipime: ndani yake mna nini, kwa kiasi gani, na ni nini hasa kinachomlisha mtoto anapomaliza kikombe chake.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo. Kama una kopo la namna hiyo nyumbani, liweke karibu na Biblia yako juma zima.

JUMAPILI
Shayiri Iliyooteshwa

Soma Ruthu 1:22 na Yohana 6:9. Shayiri ilikuwa chakula cha watu wa namna gani katika nchi ya Biblia?

Ruthu alifika Bethlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri, na mikate ya yule kijana aliyekuwa kando ya ziwa ilikuwa ya shayiri. Ilikuwa nafaka ya watu wa kawaida. Nafaka hiyohiyo ndiyo msingi wa kinywaji kinachochunguzwa juma hili.

Kimea hutengenezwa hivi. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue kwa siku chache, kisha hukaushwa kwa moto. Mbegu inapochipua huamsha vimeng'enya ambavyo huanza kuvunja wanga uliomo ndani yake kuwa sukari iitwayo maltosi. Ndiyo maana kimea kina utamu wake hata kabla ya mtu kukitia sukari. Kiwandani, kimea husagwa na kulowekwa katika maji ya moto. Utomvu wake hukamuliwa, hukolezwa, kisha huchanganywa na maziwa ya unga, kakao, sukari, vitamini na madini.

Waumini wengine huuliza: je, hiki si kimea kile kile cha bia? Ndicho. Tofauti inakuja baadaye. Mtengeneza bia hutia hamira ili igeuze sukari ya kimea kuwa kileo. Katika unga wa kinywaji hatua hiyo haipo. Utomvu hukaushwa bila kuchachushwa. Mwenye dhamiri nyororo juu ya jambo hili anaweza kutulia.

Kinywaji hiki kilianza kama chakula cha wagonjwa na wadhaifu. Mwaka 1904, huko Bern, Uswisi, kampuni ya Wander ilianza kuuza Ovomaltine, mchanganyiko wa kimea, maziwa, mayai na kakao. Uingereza iliufahamu kwa jina la Ovaltine. Mwaka 1934 Thomas Mayne, mtaalamu wa Nestlé nchini Australia, alitengeneza Milo, iliyopewa jina la Milo wa Crotone, mwanamieleka mashuhuri wa Wagiriki wa kale. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na kulikuwa na hofu kwamba watoto hawapati lishe ya kutosha. Nia ilikuwa njema. Swali la leo ni kama mtoto wa leo, mwenye sukari kila upande, ana upungufu uleule.

Tafakari: Ni vyakula gani nyumbani kwako ambavyo vilianza kama dawa au chakula cha mgonjwa, na sasa ni vya kila siku?

JUMATATU
Mizani ya Kweli

Soma Mithali 11:1. Kwa nini Bwana ajali vipimo vya sokoni?

Sulemani anafundisha kwamba mizani ya hila humchukiza Bwana na kipimo kamili humpendeza. Lebo ya kopo ni mizani pia. Imeandikwa kwa herufi ndogo, lakini imewekwa hapo ili mnunuzi ajue anachopewa. Kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni orodha ya viungo. Kwa kawaida viungo huandikwa kwa kufuata uzito: kilicho kingi kuliko vyote hutangulia. Kama sukari ni ya kwanza au ya pili, basi sukari ni sehemu kubwa ya kilichonunuliwa. Tazama pia tofauti kati ya makopo. Kakao tupu ni unga mchungu wa kakao. Chokoleti ya kunywa mara nyingi ni sukari iliyotiwa kakao. Unga wa kimea una kimea na maziwa ya unga pamoja na hivyo viwili. Rafu ya dukani huviweka pamoja, na rangi zao hufanana.

La pili ni jedwali la virutubisho. Huwa na safu mbili: moja ya gramu 100, nyingine ya kiasi cha kunywa mara moja. Safu ya gramu 100 ndiyo inayofaa kulinganishia kopo na kopo, kwa kuwa kila kampuni huchagua yenyewe ukubwa wa kikombe chake.

Chukua kopo la mfano ambalo kila gramu 100 zina protini gramu 12, mafuta gramu 10 na wanga gramu 65, na ndani ya wanga huo sukari ni gramu 45. Hivi ni viwango vya karibu na vile vinavyoonekana kwenye makopo mengi ya aina hii. Kiasi cha kunywa mara moja ni gramu 20. Kwa hiyo kikombe kimoja hupokea kutoka katika unga:

Protini: gramu 2.4.
Mafuta: gramu 2.
Wanga: gramu 13, ambamo sukari ni gramu 9.
Nguvu: kilokalori 80 hivi.

Gramu moja ya sukari hutoa kilokalori 4. Gramu 9 hutoa 36. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya ile "nguvu" inayosifiwa ni nguvu ya sukari.

Kakao nayo ina jambo la kujua. Ina kafeini kidogo, na ina theobromini kwa wingi zaidi, ambayo ni ndugu wa kafeini ingawa kichocheo chake ni hafifu. Katika kikombe cha unga wa kimea, kafeini ni ndogo sana ikilinganishwa na ya chai au kahawa. Hata hivyo, aliyeacha chai kwa sababu ya kafeini asidhani kwamba amehamia kwenye kinywaji kisicho nayo kabisa.

Tafakari: Ni mara ngapi umenunua chakula kwa kutazama picha ya mbele bila kugeuza pakiti? Kungebadilika nini kama ungeigeuza?

JUMANNE
Asali Inayotosha

Soma Mithali 25:16. Ni nini kinachoruhusiwa katika fungu hili, na ni nini kinachoonywa?

Aliyepata asali anaruhusiwa kula. Anachoonywa ni kupita kiasi kinachomtosha. Utamu ni zawadi, na zawadi hii ina kipimo chake.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2015: sukari huria isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mtu huipata kwa siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Sukari huria ni ile inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima au ndani ya maziwa haihesabiwi. Sehemu ya sukari ya kopo hutoka katika maziwa ya unga, nayo haingii katika hesabu hiyo; lakini lebo nyingi hazitenganishi, kwa hiyo mzazi mwenye busara huacha nafasi.

Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,500 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 38 hivi za sukari, na asilimia 5 ni gramu 19 hivi. Sasa tazama kikombe chake cha asubuhi. Unga umeleta gramu 9. Mama, kwa mazoea ya chai, ameongeza vijiko viwili vya chai vya sukari. Kila kimoja ni kama gramu 4. Jumla ni gramu 17. Jioni akipewa tena, ni 34. Mtoto huyo hajala biskuti, hajanywa soda wala juisi ya pakiti, na tayari amekaribia ukomo wa siku.

Hesabu kopo lote. Kopo la gramu 400 la mfano huu lina sukari gramu 180, yaani vijiko 45 vya chai. Katika familia ya watu watano wanaokunywa kikombe kimoja kila siku, kopo hilo humalizika kwa siku nne.

Madhara ya sukari nyingi yanajulikana. Meno huoza, hasa mtoto anapokunywa usiku na kulala bila kupiga mswaki. Uzito huongezeka, na pamoja nao hatari ya kisukari cha ukubwani. Kwa mgonjwa ambaye tayari ana kisukari, kikombe cha "kumrudishia nguvu" kinaweza kuipandisha sukari ya damu wakati ndugu zake wanadhani wanamsaidia. Na kwa kuwa shayiri ina gluteni, mwenye ugonjwa unaomkataza gluteni hapaswi kukitumia kabisa.

Hatua ya kwanza ni rahisi wala haina gharama: unga huu tayari una sukari, basi usiongezwe nyingine.

Tafakari: Katika nyumba yako, ni nani anayeamua vijiko vya sukari? Je, amewahi kuvihesabu?

JUMATANO
Shahidi wa Pili

Soma Mithali 18:17. Kanuni hii ya mahakamani inawezaje kutumika dukani?

Anayejieleza wa kwanza huonekana kuwa na haki mpaka mwingine afike na kumhoji. Tangazo ni msemaji wa kwanza.

Mwaka 2014 Australia na New Zealand zilianza mpango wa nyota za afya: chakula hupewa kuanzia nusu nyota hadi nyota tano, mnunuzi aone kwa haraka. Milo ilibeba nyota nne na nusu. Shahidi wa pili, yaani watetezi wa walaji na wa afya, wakauliza nyota hizo zimetoka wapi. Ikaonekana kwamba zilihesabiwa kwa unga kidogo uliochanganywa na maziwa yaliyoondolewa mafuta. Unga peke yake ungepata nyota moja na nusu. Mwezi Machi 2018 Nestlé ilitangaza kuziondoa nyota zile. Nchini India, mwezi Aprili 2024, serikali iliyaagiza maduka ya mtandaoni yaondoe Bournvita na vinywaji vya namna hiyo katika kundi la "vinywaji vya afya", kwa kuwa sheria ya chakula ya nchi hiyo haina kitu kinachoitwa hivyo.

Tofauti kati ya nyota moja na nusu na nyota nne na nusu ilikuwa maziwa. Rudi kwenye kikombe cha mfano. Mililita 200 za maziwa ya ng'ombe zina protini gramu 6.5 hivi na kalsiamu miligramu 240 hivi. Unga umeleta protini gramu 2.4. Karibu robo tatu ya protini ya kikombe ni kazi ya ng'ombe. Familia inayokoroga unga kwa maji ya moto peke yake, kwa sababu maziwa ni ghali, inakosa sehemu hiyo yote. Kinachobaki ni maji matamu yenye vitamini kidogo.

Vipi kuhusu hizo vitamini na madini? Zipo kweli. Kiwanda huziongeza: vitamini za kundi B, C, D, kalsiamu na chuma, kutegemea kopo. Kwa mtoto ambaye mlo wake ni duni, zinaweza kumfaa. Lakini chuma kina mgogoro wake. Kakao, kama chai na kahawa, ina viini ambavyo huzuia mwili kufyonza chuma kitokanacho na mimea. Mwenye upungufu wa damu asitegemee kikombe hiki kimponye, wala asikinywe pamoja na maharage au mchicha wake. Tunda lenye vitamini C, kama chungwa au embe, ndilo rafiki wa mlo huo.

Tafakari: Ni sifa gani za chakula unazoziamini kwa sababu tu umezisikia mara nyingi? Shahidi wa pili angesema nini?

ALHAMISI
Mtoto Aombapo Chakula

Soma Luka 11:11–13 na Isaya 55:1, 2. Yesu anachukulia nini kuhusu mzazi wa kawaida? Isaya anauliza swali gani kuhusu fedha?

Yesu hana shaka na upendo wa mzazi. Mtoto akiomba samaki, baba hampi nyoka. Shida ya leo iko mahali pengine: mzazi hutoa alichoambiwa kuwa ni samaki. Naye Isaya anawauliza watu kwa nini wanatumia fedha na jasho lao kwa kitu kisichoshibisha.

Hapa pana jambo zito kuliko ladha. Wapo akina mama ambao, maziwa ya kifua yakionekana kupungua au kazi ikiwaita mapema, huwakorogea watoto wachanga unga huu. Mtoto chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake. Unga wa kimea si maziwa ya watoto wachanga na hauwezi kuchukua nafasi yake. Hata baada ya hapo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vinywaji vilivyotiwa sukari. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijazwa utamu, uji na maharage hukosa nafasi, na mtoto anaweza kudhoofika huku kikombe chake kikiwa hakikauki.

Habari njema ni kwamba kimea si mali ya viwanda peke yake. Bibi zetu walikijua. Ulezi hulowekwa, huoteshwa, hukaushwa juani na kusagwa. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza matumizi ya unga huo kwa chakula cha watoto, kwa sababu iliyo wazi. Uji mwepesi una maji mengi na unga kidogo. Uji mzito una unga mwingi lakini mtoto hawezi kuumeza. Kijiko cha kimea kikitiwa katika uji mzito, vimeng'enya huukata wanga na uji hulainika, unga wote ukiwa bado humo. Kisha hurudishwa jikoni uchemke tena. Mtoto hupata chakula kingi zaidi katika bakuli lilelile.

Uji huo ukitiwa karanga zilizosagwa, gramu 20 za karanga huleta protini gramu 5 hivi, mara mbili ya kiasi kama hicho cha unga wa kopo. Ulezi wenyewe una kalsiamu zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100. Watoto wakubwa wanaweza kupewa maziwa, tunda na uji huo, kisha kikombe cha kakao siku mojamoja kama kiburudisho, kwa furaha na bila hofu.

Tafakari: Fedha ya kopo moja ingenunua nini katika soko la karibu nawe: mayai, karanga, maharage, maziwa? Fanya hesabu hiyo pamoja na mwenzi wako.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena Danieli 1:8–16. Danieli hakumtukana msimamizi wala hakuwalaumu waliokula meza ya mfalme. Aliomba jaribio la siku kumi, akakubali matokeo yake yaonekane. Familia inaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa siku kumi, kikombe cha asubuhi kiwe uji wa ulezi wenye karanga, au maziwa matupu pamoja na tunda. Asiyetaka kuacha kabisa apunguze unga hadi nusu na asiongeze sukari. Mwisho wa siku kumi, familia ikae na kusema ilichokiona.

Darasa nalo linaweza kuleta makopo matupu ya aina tatu tofauti kwa siku nyingine ya juma, lilinganishe safu ya gramu 100, na kupima kwa mizani ya dukani ule "mchoto mmoja" ambao kila nyumba hutumia. Mara nyingi kijiko cha nyumbani ni kikubwa kuliko kipimo kilichoandikwa.

Maswali ya Kujadili:

1. Mtu aliyeacha chai na kahawa anaweza kudhani kwamba amemaliza wajibu wake kuhusu afya. Kwa nini mawazo hayo ni ya hatari? Kiasi kinadai nini kwa vitu vilivyo halali?

2. Umealikwa nyumbani kwa dada maskini ambaye amekopa ili akukorogee kikombe cha kakao. Ukizingatia Warumi 14:1–4, utafanya nini? Je, kuna wakati wa kufundisha na wakati wa kupokea na kushukuru?

3. Mgonjwa wa kisukari katika kanisa lenu huletewa makopo kila anapotembelewa. Kamati ya huduma inawezaje kubadili desturi hiyo bila kuwaaibisha watoaji?

4. Ni vyakula gani vya asili vya eneo lenu vinavyodharauliwa kwa sababu havina kopo wala tangazo? Nani kanisani bado anajua kuvitengeneza, na anawezaje kuwafundisha mama vijana?

5. Mithali 11:1 inamhusu muuzaji. Je, mnunuzi naye ana wajibu mbele za Mungu wa kusoma mizani aliyowekewa? Eleza jibu lako.